Rangi ya kuzuia kutu iliyobaki: ifungwe vipi, iwekwe wapi

Mvua zinapokaribia, na tena wiki chache kabla ya Krismasi, familia zetu nyingi hupaka rangi vyuma vya nyumbani. Grili za madirisha, geti, vitanda vya chuma, miguu ya meza, tenki la maji. Fundi huja na msasa na brashi ya waya, huondoa kutu, hupaka kwanza ile rangi ya kahawia nyekundu ambayo mafundi huiita redoksaidi, kisha rangi ya mafuta juu yake. Kazi ikiisha hubaki kopo. Pengine ni robo, pengine ni nusu. Mwenye nyumba hulitazama, hukumbuka fedha alizotoa dukani, husema, "Hii itatufaa mwakani." Hubonyeza mfuniko kwa kisigino, hulisukuma kopo chini ya kitanda, na habari huishia hapo.

Mwakani akilifungua hukuta gamba gumu juu na uji ulioganda chini. Fedha imepotea. Lakini si hilo tu lililonifanya niandike katika ukurasa huu wa afya. Katika miaka niliyofanya kazi wodi ya watoto nimepokea watoto waliokunywa mafuta ya taa, thina na tapentaini, na mara nyingi kitu hicho kilikuwa kimetiwa katika chupa ya soda au ya maji. Kwa hiyo, ndugu msomaji, tutazungumza mambo mawili kwa pamoja: jinsi ya kuitunza rangi iliyobaki ili iendelee kufaa, na jinsi ya kuitunza isimdhuru mtu. Utaona kwamba kwa sehemu kubwa njia ni moja, ingawa kuna mahali ambapo njia hizi mbili hugombana.

Kabla ya hapo, neno dogo kuhusu kutu yenyewe, maana naulizwa kila mara. Watu wengi huamini kwamba kutu ndiyo inayoleta pepopunda. Sivyo. Pepopunda huletwa na vijidudu vinavyokaa katika udongo na katika kinyesi cha wanyama. Msumari wenye kutu huogopwa kwa haki kwa sababu kwa kawaida umelala chini kwenye udongo, na kwa sababu hutoboa jeraha refu na jembamba ambalo hewa haiingii, mahali ambapo vijidudu hivyo hustawi. Msumari mpya uliochovywa kwenye udongo wa zizi ni hatari vilevile. Basi, kupaka rangi grili hakukukingi na pepopunda. Chanjo ndiyo inayokukinga. Rangi hukinga chuma.

Kwa nini rangi huharibika ndani ya kopo

Rangi ya mafuta haikauki kama nguo. Nguo ikianikwa, maji hutoka na kazi imekwisha. Rangi ya mafuta hukauka kwa hatua mbili. Kwanza kile kimiminika chepesi kinachoilainisha huruka hewani, nayo ndiyo harufu tunayoisikia. Kisha mafuta yaliyomo hushikana na oksijeni ya hewa na kugeuka kuwa gamba gumu. Hatua hii ya pili hairudi nyuma. Gamba likishafanyika haliwezi kuwa rangi tena hata ulimwagie thina chupa nzima, kama vile yai lililochemshwa haliwezi kuwa bichi.

Sasa, rangi haijui kama iko dirishani au iko koponi. Ikipata hewa, hukauka. Kopo la lita 4 lililobaki na lita 1 ya rangi lina lita 3 za hewa juu yake, na karibu moja ya tano ya hewa ni oksijeni, yaani zaidi ya nusu lita ya oksijeni imefungiwa humo pamoja na rangi yako. Na kama mfuniko umepinda, hewa mpya huingia kila siku. Ndiyo maana kopo lililojaa hukaa miaka kadhaa likiwa zima, na lile lenye kidogo chini huharibika mapema zaidi.

Adui wa pili ni joto. Sehemu iliyo juu ya dari, chini ya mabati, huchomwa na jua mchana kutwa. Rangi iliyowekwa huko hupoteza kilainishi chake upesi na kopo hupumua kila siku, likitanuka mchana na kunywea usiku. Adui wa tatu ni unyevu. Kopo lenyewe ni la chuma, na linaota kutu kama grili uliyopaka. Walio karibu na bahari wanalijua hili vizuri kwa sababu ya chumvi iliyomo hewani. Kopo likiwekwa juu ya sakafu ya saruji hushika kutu kuanzia chini, na kutu ya kwenye ukingo wa mfuniko hudondoka ndani ya rangi. Ni jambo la kuchekesha kidogo, rangi ya kuzuia kutu kuharibiwa na kutu, lakini hutokea.

Naongea hapa juu ya rangi ya mafuta ya kopo moja, ambayo ndiyo wengi wetu tunanunua. Zipo rangi za kuzuia kutu zinazouzwa kwa makopo mawili, rangi na kigumishi chake. Hizo zikishachanganywa haziwekeki. Huganda baada ya saa chache, hata ufunge namna gani. Fundi achanganye kiasi cha kazi ya siku hiyo tu, na yale makopo mawili yahifadhiwe kila moja peke yake, kila moja na mfuniko wake, wala mifuniko isibadilishane.

Namna ya kufunga

Utunzaji huanza siku ya kupaka, si siku ya kumaliza. Mafundi wengi huchovya brashi moja kwa moja ndani ya kopo. Brashi ile imegusa vumbi, kutu iliyosuguliwa, pengine na maji ya mvua yaliyobaki kwenye pembe za dirisha, na yote hurudi koponi. Afadhali kumimina rangi ya kutosha kazi ya saa moja katika kikopo kidogo, kisha kulifunga kopo kubwa. Kinachobaki kwenye kikopo, kama kimechafuka, kisirudishwe. Tafuta kitu kidogo cha kupaka, bawaba au komeo, kiishe hapo.

Angalia pia namna kopo linavyofunguliwa. Kuingiza bisibisi mahali pamoja na kunyanyua kwa nguvu hupinda mfuniko, na mfuniko uliopinda haufungi tena sawasawa. Ingiza mpini wa kijiko au kitu bapa, nyanyua kidogo, sogea mbele, nyanyua kidogo tena, mpaka umezunguka kopo lote. Kazi ya dakika moja.

Unapofunga, jambo la kwanza ni kuufuta ule mfereji unaozunguka mdomo wa kopo. Rangi iliyojaa humo ndiyo inayouzuia mfuniko kukaa, na ikikauka ndiyo inayolifanya kopo lishindikane kufunguka. Ufute kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, na upande wa ndani wa mfuniko vilevile. Kisha kata duara la nailoni safi lenye upana wa kopo, lilaze juu ya uso wa rangi yenyewe, liguse rangi bila kuacha mapovu ya hewa. Mafundi wengine badala yake humimina tapentaini kidogo, kiasi cha kufunika uso tu, kwa kuitiririsha juu ya mgongo wa kijiko, bila kukoroga. Itakorogwa siku ya kufungua. Njia zote mbili ni nzuri. Tumia kilainishi kilichotajwa kwenye kopo, maana si kila rangi inakubaliana na kila thina.

Usimimine maji juu. Nimesikia watu wakishauri hivyo kwa sababu maji na mafuta havichanganyiki. Ni kweli havichanganyiki, lakini rangi ni nzito kuliko maji tu kwa sababu ya unga wake, na kopo likitikiswa maji huingia ndani na kukaa, yakiozesha kopo kwa kutu. Kwa rangi ya fedha, ile yenye unga wa aluminiamu ambayo wengi hupaka mageti na mabomba, maji ni mabaya zaidi: aluminiamu hupambana na maji na kutoa gesi ya haidrojeni, gesi inayowaka, na kopo lililofungwa huweza kuvimba. Ukiona kopo la rangi ya fedha limevimba mfuniko, usilipige wala usilifungue ukiwa na sigara au karibu na moto. Lipeleke nje penye upepo, funika mfuniko kwa kitambaa, geuza uso wako, nyanyua ukingo taratibu upumue.

Mfuniko nao usipigwe nyundo moja kwa moja. Weka kipande cha ubao juu ya kopo, gonga ubao kwa upole upande huu na upande ule, mpaka usikie kwamba mfuniko umekaa pande zote. Funika kwa kitambaa kwanza ili rangi isiruke machoni.

Baada ya hapo wapo wanaoligeuza kopo, mfuniko chini, ili rangi yenyewe izibe upenyo wowote na gamba likifanyika liwe upande wa chini. Njia hiyo inafaa, lakini lijaribu kwanza: ligeuze juu ya gazeti kwa saa kadhaa. Likivuja hata tone, lirudishe wima. Nyumba yenye mtoto anayetambaa isijaribu jambo hili sakafuni.

Mwisho andika. Chukua kalamu ya wino mzito au brashi yenyewe, andika kwenye ubavu wa kopo, si kwenye mfuniko, maana mifuniko hubadilishana: ni rangi gani, ilipakwa wapi, mwezi na mwaka. Chora pia mstari kwa nje unaoonyesha rangi imefika wapi. Mstari huo utakuonyesha mwakani, bila kufungua, kama kopo limevuja. Rangi ya mafuta iliyofungwa hivi na kuwekwa mahali pa baridi hukaa mwaka mmoja au miwili bila matatizo, na mara nyingi zaidi ya hapo.

Kuhamishia chombo kidogo

Hapa ndipo njia mbili zinapogombana. Kwa faida ya rangi, jambo bora kuliko yote ni kuitoa katika kopo kubwa lenye hewa nyingi na kuijaza hadi juu katika chombo kidogo. Kila fundi mwangalifu atakuambia hivyo, na anasema kweli. Lakini chombo kidogo kilichopo nyumbani ni kipi? Ni chupa ya soda, chupa ya maji, chupa ya juisi, mtungi wa asali, kopo la maziwa ya unga. Vyote hivyo mtoto anavijua kuwa ni vya kitu kitamu.

Nitasimulia tukio moja, la zamani. Baba alikuwa amepaka rangi madirisha, akatia thina iliyobaki katika chupa ya soda, akaiweka juu ya kizingiti cha jikoni nyuma ya vikombe. Thina nyingi ni nyeupe kama maji. Mtoto wa miaka miwili na nusu aliiona kaka yake akiichukua kusafisha mikono, na kaka alipoiacha chini yeye akainywa. Funda moja au mawili, hakuna aliyejua. Akakohoa, akalia. Bibi yake, kwa upendo, akampa maziwa kikombe kizima, kisha akamtia kidole kooni atapike. Akatapika. Wakaona ametoa sumu yote, wakamlaza. Jioni alianza kuhema. Walimleta kwetu usiku, mbavu zikiingia ndani kwa kila pumzi, homa juu. Alikaa kwenye oksijeni siku tano. Huyu alipona. Si wote niliowaona walipona.

Kilichomfanya augue vile hakikuwa tumboni, kilikuwa mapafuni. Mafuta ya taa, petroli, tapentaini na thina ni vimiminika vyepesi sana, vinateleza. Tone dogo likiingia njia ya hewa husambaa upesi na kuunguza mapafu. Mtoto anapomeza, kiasi kidogo huweza kupita huko. Anapotapishwa, kimiminika hicho hicho hupita kooni mara ya pili, na mapafu hupata fungu lake la pili.

Kwa hiyo mtoto, au mtu mzima aliyevuta mafuta kwa mpira mdomoni, akimeza kitu kama hiki: usimtapishe. Usimpe maziwa. Usimpe mafuta ya kula, wala maji ya chumvi, wala mkaa uliosagwa. Najua maziwa yamekaa sana katika vichwa vya watu kama dawa ya kila sumu, lakini hapa hulijaza tumbo na kuchochea kutapika. Mfute mdomo, mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, maana mvuke unaotoka kwenye nguo zile anaendelea kuuvuta, na thina huunguza ngozi laini. Akitapika mwenyewe mwinamishe, kichwa kiwe chini kuliko kiuno. Akisinzia mlaze kwa ubavu. Kisha mpeleke hospitali au kituo cha afya mara moja, na uchukue kopo au chupa yenyewe uende nayo, ikiwa imefungwa. Mpeleke hata kama anacheza na kucheka. Dalili za mapafu huweza kuchelewa, na ndiyo maana tunamweka chini ya uangalizi kwa muda usiopungua saa 6 kabla ya kusema aende nyumbani. Mzazi asione kwamba wauguzi wanamchelewesha bure. Akianza kukohoa, kupumua haraka, kusinzia au kupata homa baada ya kurudi, arudishwe hapo hapo bila kungoja asubuhi.

Rangi au thina ikiruka jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, ukiwa umelifungua jicho, kisha nenda likaangaliwe. Dakika 15 ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Tazama saa.

Sasa turudi kwenye chombo. Ushauri wangu ni huu: rangi ihamishiwe tu katika kopo dogo la rangi, la nusu lita au robo lita, lililokuwa na rangi ya aina ile ile na kusafishwa vizuri. Kila ukimaliza kopo dogo lihifadhi kwa kazi hiyo. Maduka mengine ya rangi huuza au hutoa makopo matupu, uliza. Kama huna, iache rangi katika kopo lake kubwa na uipunguzie hewa kwa njia nyingine: osha mawe madogo ya mtoni, laini, yakaushe juani siku mbili hadi yasiwe na unyevu hata kidogo, yatumbukize taratibu mpaka rangi ipande karibu na mdomo. Wengine hutumia gololi. Mimi siwashauri wenye watoto watumie gololi, maana mtoto akijua gololi zake ziko wapi atazifuata. Thina na tapentaini zibaki katika chombo chake cha dukani, chenye maandishi na kifuniko chake. Chupa nyembamba za plastiki, mbali na hatari ya kunywewa, nyingine hulainishwa na thina na kutoboka.

Na chombo cha rangi kisirudi kamwe katika kazi ya chakula. Nimeona makopo ya rangi ya mafuta yakipimia mahindi na maharage sokoni, na nimeona yakichotea maji. Ndoo kubwa za plastiki za rangi ya ukuta ni jambo la kila nyumba, nami najua kwamba maji ni lazima yawekwe mahali fulani. Zitumike kwa maji ya kudekia, kumwagilia maua, kuchanganyia saruji. Za maji ya kunywa zinunuliwe zile zilizotengenezwa kwa kazi hiyo.

Mahali pa kuliweka

Chini ya kitanda pasiwe mahali pake. Mfuniko unaopitisha hewa kidogo hutoa mvuke usiku kucha, na mtu aliyelala juu yake huamka na kichwa kizito bila kujua sababu. Mama mjamzito na watoto wachanga wasilale katika chumba chenye rangi iliyohifadhiwa, wala kilichopakwa rangi ya mafuta jana.

Jikoni ni pabaya zaidi. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Hauendi juu kama moshi, hutambaa sakafuni kama maji, na unaweza kulifikia jiko la mkaa lililo hatua kadhaa mbali na kurudi na moto hadi kwenye kopo. Petroli ndiyo mbaya kuliko zote katika jambo hili, na nasikitika kuona vijana bado wanasafishia brashi kwa petroli kwa sababu ya urahisi.

Stoo za pamoja, za shule au za parokia, zinahitaji mtu wa kuzitazama. Huko utakuta makopo ya rangi iliyobaki ya uzio yamepangwa kando ya maboksi ya mishumaa, magunia ya mkaa na jenereta yenye petroli, na chumba kina tundu moja la hewa. Rangi ipate pembe yake, mbali na vitu vya kuwaka na mbali na chakula.

Nyumbani, mahali pazuri ni kibanda cha nje au stoo yenye kivuli na upepo, juu ya rafu ya ubao, juu kuliko mkono wa mtoto aliyesimama juu ya kiti, mlango ukiwa na komeo. Kama huna stoo, sanduku la mbao lenye kufuli barazani, upande usiopigwa na jua, latosha. Kila miezi miwili au mitatu lipindue kopo polepole mara kadhaa kisha ulirudishe lilivyokuwa. Unga wa redoksaidi ni mzito na hukaa chini. Ukiachwa mwaka mzima huwa kama udongo wa mfinyanzi.

Vitambaa vilivyolowa rangi ya mafuta vina hatari yao ambayo wengi hawaijui. Mafuta yanaposhikana na oksijeni hutoa joto. Kitambaa kimoja kikianikwa, joto hilo hupotea. Vikilundikwa kwenye kona au ndani ya ndoo, joto hukusanyika, na lundo laweza kuwaka lenyewe bila kiberiti. Vianike nje kimoja kimoja mpaka vikakamae, ndipo uvitupe.

Thina ya kusafishia brashi isimwagwe. Iweke katika kopo lililofungwa kwa siku moja au mbili, unga utulie chini, kisha mimina ile safi ya juu uitumie kuoshea brashi tena. Mikono, kwa upande wake, haihitaji thina. Pakaza mafuta ya kula, sugua, futa, halafu sabuni.

Rangi za zamani na madini ya risasi

Sasa jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote haya. Kwa miaka mingi rangi za kuzuia kutu zilitengenezwa kwa madini ya risasi. Ile ya chungwa nyekundu iliyong'aa ilikuwa madini ya risasi yenyewe yaliyosagwa, nayo ilizuia kutu vizuri sana. Rangi za mafuta za manjano, chungwa na nyekundu nazo mara nyingi zilitiwa risasi. Marekani ilikataza rangi hizo kwa nyumba za watu mwaka 1978. Kwingine zimeendelea kuuzwa muda mrefu baada ya hapo. Redoksaidi ya kweli, ya rangi ya kichuguu, ni madini ya chuma na si risasi, lakini kwa macho tu huwezi kuwa na hakika ya kilichochanganywa.

Risasi huingia mwilini mwa mtoto kwa kumeza vumbi na maganda ya rangi, na mwili wa mtoto mdogo huipokea mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima. Huenda kwenye ubongo. Mtoto haonekani mgonjwa; huchelewa darasani, hukasirika upesi, hupungukiwa damu, nasi tunasema ni mzito tu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na madhara ya ubongo hayarudishwi kwa dawa. Tangu mwaka 2013 kila Oktoba kuna wiki ya kimataifa ya kuzuia sumu hii.

Kwa hiyo kopo la zamani lisilo na maandishi, lililoachwa na mpangaji aliyehama au na babu, lisifunguliwe wala kutumiwa, hata kama rangi ndani ni nzima. Hapa utunzaji mwema hauna faida. Unaponunua rangi mpya soma kopo, tafuta maandishi yanayosema haina risasi, na kwa vitanda vya watoto usikubali isiyo na maandishi hayo. Na rangi ya zamani ya grili isisuguliwe kwa msasa mkavu huku watoto wakicheza chini ya dirisha. Loweka kwa maji, sugua kwa msasa wa maji, tandika karatasi chini, futa kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia.

Siku ya kulifungua tena

Likifunguliwa mwakani, ondoa nailoni. Kama kuna gamba, usilikoroge. Likate kuzunguka ukingo kwa kisu cha kazi, linyanyue zima, litupe. Koroga kwa kijiti kipana kuanzia chini, ukipandisha unga juu, kwa dakika kadhaa, kisha chuja kwa soksi ndefu ya nailoni iliyochakaa. Ongeza kilainishi kidogo kidogo, kisizidi kiasi kilichoandikwa koponi, kwa maana rangi iliyozimuliwa sana haizuii kutu. Jaribu kwenye kipande cha bati. Ikilala sawasawa na kukauka katika muda wake, ipo nzima. Ikibaki kunata siku ya pili, au ikiwa imeganda kama jeli koponi, imekwisha.

Iliyokwisha isimwagwe chooni wala mtaroni, wala kopo lisichomwe moto ili lisafike. Kama ni kidogo, changanya na mchanga au maranda, liache wazi kivulini mahali ambapo watoto na kuku hawafiki mpaka liwe gumu kabisa, ndipo liende dampo na takataka nyingine. Yale ya zamani unayoyashuku kuwa na risasi yaache yamefungwa kama yalivyo, na umuulize afisa afya wa kata yako yapelekwe wapi.